UHURU WA MFUKO: NENO KWA VIJANA WA MALANGALI NA WA UFIPA YOTE

Kila mwaka, mvua zinapokatika na baridi ya mwezi wa Juni inaposhuka kutoka milima ya Mbizi, malori huanza kupanda Ufipa. Huja kwa barabara ya Tunduma, ambayo siku hizi ni ya lami, yakaingia Sumbawanga, na madalali wakatawanyika katika kata za manispaa na vijiji vya jirani kutafuta mahindi. Malangali ni mojawapo ya kata hizo. Kwa majuma machache fedha huonekana mikononi mwa vijana. Kisha malori huondoka, na fedha nazo huondoka. Ifikapo Januari, wakati wa palizi, kijana yule yule aliyeuza magunia yake yote hubisha hodi kwa mkopeshaji.

Jambo hili limezoeleka hata halimshangazi mtu. Nasi twaona kwamba ndiyo sababu hasa ya kulizungumza. Ubaya uliozoeleka ni mgumu kuuondoa kuliko ubaya mpya, kwa kuwa watu huanza kuuita kawaida ya maisha.

Swali tunalotaka kuwauliza vijana wetu leo, wakulima kwa wafanyakazi, ni hili: mtu aseme lini kwamba amejitegemea? Mmoja atajibu, nitakapopata mshahara. Mwingine atasema, nitakapojenga nyumba yangu, au nitakapomiliki pikipiki. Majibu hayo si mabaya, lakini hayatoshi. Tumewaona watu wenye mishahara ambao mshahara wao si wao. Tumewaona wenye pikipiki ambayo kila jioni yampelekea fedha mtu mwingine. Jibu letu ni kwamba kijana amejitegemea siku ile anapoweza kungoja. Mwenye uwezo wa kumwambia mnunuzi, "Bei yako haifai, njoo mwezi ujao," huyo ni mtu huru. Asiye na uwezo huo, hata akivaa vizuri namna gani, bado yu mikononi mwa mwingine.

WAZEE WETU WALIJUA KUNGOJA

Watu wa Ufipa hawana haja ya kwenda mbali kujifunza somo hili. Limeandikwa katika ardhi yao. Wazee wa nyanda hizi walilima kwa intumba, yale matuta ya mviringo ambayo yamewastaajabisha wataalamu wengi wa kilimo. Mvua zilipokuwa bado zinanyesha, walipasua ardhi yenye majani, wakayageuza na kuyafukia ndani ya tuta. Juu yake walipanda maharage. Majani yakaoza polepole yakawa mbolea. Msimu uliofuata tuta lilisambazwa, na ulezi ukapandwa katika udongo ulioshiba. Kazi ya mwaka huu ilikuwa chakula cha mwaka ujao. Aliyekuwa na haraka hakuwa na intumba.

Ndivyo walivyofanya hata kwa chuma. Masalio ya matanuru yao, malungu, marefu kupita kimo cha mtu, yameonekana mahali pengi Ufipa. Mawe ya chuma yaliyeyushwa humo kwa moto uliovuta hewa wenyewe bila mivukuto, kisha chuma kikasafishwa katika tanuru dogo ndipo kikafuliwa. Jembe moja lilibeba kazi ya watu wengi na siku nyingi. Jembe hilo lililima, na pia lilikuwa mali ya kubadilishana na ya kuolea. Kijana wa zama zile aliyeshika majembe yake alikuwa na akiba isiyooza.

Ni nani basi aliyetunyang'anya uwezo wa kungoja? Jibu la kwanza ni kodi ya mkoloni. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza waliowafuata wakaongeza kodi ya kichwa. Kodi haikungoja ulezi ukomae. Ilitaka fedha taslimu, na fedha haikuwapo Ufipa. Hivyo vijana wa huku, kama wenzao wa Uha, Unyamwezi na Ubena, walifunga mizigo yao midogo. Wengine walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya. Wengine walisafiri zaidi ya kilomita elfu moja hadi mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba, maana yake watu wa kuhesabiwa kwa namba. Huko walipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku isiyotiwa alama haikuhesabiwa, na mshahara haukutolewa mpaka siku zote 30 zijae. Aliyeugua alingoja, lakini kungoja kwake kulikuwa kwa mtumwa, si kwa mtu huru.

Wafanyakazi walipambana na hali hiyo. Shirikisho la vyama vyao, TFL, liliundwa mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya kuzaliwa TANU, na baada ya Uhuru, mwaka 1964, ilitungwa sheria iliyoanzisha Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi. Tutazame vizuri neno hilo: akiba. Wale waliopigania haki ya mshahara walijua kwamba mshahara usioacha kitu nyuma ni kipande kilichobadilishwa rangi.

MINYORORO ISIYO NA KELELE

Leo hakuna mnyapara wa mkonge Malangali. Lakini iko minyororo mingine, nayo haina kelele.

Wa kwanza ni kuuza mahindi yakiwa bado shambani. Tuchukue mfano, na hesabu zake tunaziweka wenyewe ili jambo lieleweke. Kijana ana ekari mbili, na mwezi wa Februari amekwama. Hana fedha ya mbolea ya kukuzia wala ya palizi. Anapewa Sh. 180,000 kwa ahadi ya kutoa magunia sita wakati wa mavuno. Mwezi wa Juni bei ya gunia ni Sh. 50,000. Magunia sita ni Sh. 300,000. Amelipa Sh. 120,000 zaidi ya alichopokea, nayo ni theluthi mbili ya mkopo wenyewe, kwa miezi minne tu. Hakuna benki nchini ambayo ingethubutu kumtoza mkulima kiasi hicho hadharani. Lakini mkopo huu hauitwi riba. Huitwa msaada.

Yamebaki magunia 18. Kwa kuwa ana madeni mengine, anayauza yote mwezi huo huo na kupata Sh. 900,000. Lau angaliuza manane tu na kuyaweka kumi hadi Januari, bei ikafika Sh. 80,000, angalipata jumla Sh. 1,200,000. Tofauti ya Sh. 300,000 inazidi kabisa ule mkopo wa Februari uliomfunga. Hapo ndipo uhuru wake ulipopotea. Na tusisahau lumbesa, gunia lile linaloongezwa kichwa mpaka lipite kipimo. Sheria ya vipimo inakataza, lakini mtu mwenye shida hana ulimi wa kubishana na sheria mkononi.

Mnyororo wa pili umewafunga wenye mishahara, nao ni mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina linaloistahili: kausha damu. Mwalimu kijana, muuguzi au karani anapungukiwa katikati ya mwezi. Anakwenda kwa mkopeshaji, anaacha kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Mwisho wa mwezi mkopeshaji ndiye anayekwenda kutoa mshahara. Mwenye jasho anasimama pembeni akingoja chenji. Babu yake alihesabiwa siku kwa kadi ya mkonge. Yeye amekabidhi kadi ya benki kwa mkono wake mwenyewe. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Ndugu zetu wengi wako matangani.

Mnyororo wa tatu unaendeshwa barabarani. Kijana asiye na mtaji huchukua pikipiki kwa mkataba, akapeleka hesabu kila siku mpaka iwe yake. Hatusemi kuwa kazi hii ni mbaya, imewalisha wengi. Twasema apige hesabu kabla ya kutia sahihi. Akipeleka Sh. 10,000 kwa siku 400, ametoa Sh. 4,000,000. Kama pikipiki hiyo dukani ni Sh. 2,800,000, basi Sh. 1,200,000 ni bei ya kutokuwa na uwezo wa kungoja. Pengine ni bei inayolipika. Lakini aijue, na mkataba uwe wa maandishi wenye mashahidi, asije akaambiwa siku ya 390 kwamba amevunja masharti.

UCHAWI WA KUTUPWA

Husimuliwa kwamba jina la Sumbawanga lina maana ya kumwambia anayeingia mjini autupe uchawi wake. Sisi twapenda kijana wa leo autupe uchawi mmoja hasa, ule wa kuamini kwamba utajiri waweza kuja usiku mmoja. Uchawi huu una sura nyingi. Kwa mmoja ni mganga aahidiye dawa ya biashara. Kwa mwingine ni kamari ya mpira, ambamo mtu hutoa nauli ya kesho kwa tumaini la jumamosi. Kwa wengine ni upatu.

Msomaji atakumbuka mambo ya DECI, ambayo Serikali iliyasimamisha mwaka 2009. Watu walitoa fedha zao wakaambiwa kwamba wanapanda mbegu, na kwamba watavuna. Lugha ya mkulima ilitumiwa kumdanganya mkulima. Lakini mwana wa Ufipa alipaswa kuuliza swali moja tu: shamba liko wapi? Mbegu isiyotiwa ardhini haioti. Fedha waliyopewa wa kwanza ilikuwa fedha ya waliowafuata, na waliokuja mwisho hawakupata kitu.

NJIA ILIYO WAZI

Sasa mtu atatuuliza: mnatuambia tungoje, nasi tuna njaa leo, tungoje kwa nini na kwa namna gani? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu.

Mahali pa kuanzia ni ghala. Habari za Yusufu zimo katika Biblia na zimo katika Kurani, na Wakristo na Waislamu wanazifahamu sawasawa: katika miaka ya neema aliweka nafaka, na miaka ya njaa ilipofika, Misri ilisimama. Kwetu, kazi ni kuyakausha mahindi barabara kabla ya kuyafunga, na kuyatia katika mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huwaua fukusi na dumuzi bila dawa. Na wazee walituachia nafaka nyingine ya kungojea. Ulezi hauliwi ovyo na wadudu na huweza kukaa miaka. Nusu ekari ya ulezi ni akiba inayoweza kumvusha kijana katika mwaka mbaya.

Hatutamdanganya mtu kwamba kungoja hakuna hatari. Mwezi wa Juni 2017 usafirishaji wa mahindi kwenda nje ya nchi ulizuiwa, na katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini bei ilianguka vibaya. Wako waliokuwa wameyaweka mahindi yao kwa subira, nao wakaumia pamoja na wenye haraka. Zuio liliondolewa baadaye, lakini hasara haikurudi. Funzo lake ni kwamba kijana asiweke tumaini lote katika zao moja. Aweke mahindi, maharage, alizeti na ulezi, na kuku uani. Lango moja likifungwa, apitie lingine.

Baada ya ghala huja sanduku. Mtindo wa vikundi vya kuweka na kukopa, ambao kwetu huitwa VICOBA na majina mengine, ulianza kwa wanawake wa Maradi katika nchi ya Niger mwaka 1991, ukaenea Afrika nzima. Watu kama ishirini au thelathini wanaojuana hukutana kila juma na kununua hisa ndogo. Fedha hutiwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu hushikwa na watu watatu, ili asiwepo mmoja awezaye kulifungua peke yake. Hukopeshana wenyewe kwa wenyewe, na faida hurudi kwao mwisho wa mwaka. Ukitazama utaona kwamba ndani ya sanduku hilo mna dawa ya mkopo wa Februari. Kijana ambaye kikundi chake kimemkopesha fedha ya palizi hahitaji kumwahidi dalali magunia sita. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi hivi. Visajiliwe, viandike vitabu vyake vizuri, na visione haya kumwuliza mweka hazina maswali. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisichotazamwa hutoboka.

Wanaoongoza katika vikundi hivi ni wanawake, na wavulana wetu wengi huona aibu kuketi nao. Aibu hiyo imewagharimu. Binti mwenye hisa zake na shamba lake ni mtu huru kama kaka yake, na sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa haki sawa ya kumiliki. Wazazi wanaogawa mashamba kwa wana wa kiume peke yao wakumbuke hivyo.

Kujitegemea si kuwatupa wazazi. Kijana anapopata fedha ya kwanza, ndugu hujitokeza, kila mmoja na shida yake, na shida nyingi ni za kweli. Kumsaidia aliyekulea ni heshima. Lakini mwenye kugawa mbegu mwaka huu, mwaka ujao ataomba pamoja na wale aliowagawia. Kijana aseme wazi mbele ya wazee: kiasi hiki ni cha nyumbani, kiasi hiki ni cha shamba. Wazee wa Ufipa, waliofukia majani wakangoja, hawatashindwa kuelewa.

WAJIBU WA CHAMA

Tungekuwa wanafiki kama tungewahubiria vijana subira, tukawaacha viongozi. Kijana hawezi kungoja peke yake, na ziko sehemu za kazi hii ambazo ni za Chama na Serikali.

Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana, na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo ni sheria njema. Lakini mwezi wa Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa ili ipangwe upya, kwa kuwa fedha nyingi hazikurejeshwa na vikundi vingine vilionekana kuwa hewa. Mwaka 2024 ikaanza tena. Hewa hailimi wala haikopi. Nyuma ya kila kikundi hewa yuko mtu aliyetia sahihi. Mwanachama anayeketi katika vikao vya kata aulize: kikundi hiki kiko wapi, na wanachama wake ni akina nani? Na kijana aliyekopeshwa ajue kwamba asiporejesha amemnyang'anya kijana mwenzake anayengoja zamu.

Hali kadhalika ushirika. Historia yetu ina makosa, na si aibu kuyataja. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha, kwa sababu mkulima aliachwa bila chombo chake mwenyewe. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ipo tangu mwaka 2005. Humwezesha mkulima kuweka mazao ghalani, akapewa karatasi ya kukopea, na kuuza bei inapofaa. Yaani sheria yenyewe imetungwa ili mkulima aweze kungoja. Ghala za Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ziko Sumbawanga. Kinachotakiwa ni mzani wa haki, malipo yasiyochelewa, na vyama vya msingi visivyoongozwa na madalali waliovaa kofia za ushirika. Mkulima anayelipwa baada ya miezi mitatu atamkimbilia mlanguzi anayelipa leo, wala asilaumiwe.

Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, liliionya nchi isifanye fedha za misaada na mikopo ya wageni kuwa msingi wa maendeleo yake. Lililo kweli kwa Taifa ni kweli kwa mtu mmoja mmoja. Nchi isiyoweza kungoja huuza madini yake kwa bei ya kutupa; kijana asiyeweza kungoja huuza mahindi yake yakiwa mabichi. Uhuru wa bendera tulikwisha kuupata mwaka 1961. Uhuru wa mfuko hupatikana nyumba kwa nyumba, gunia kwa gunia.

Basi, kijana wa Malangali, msimu huu anza na jambo moja. Ukivuna magunia ishirini, weka mawili yasiguswe mpaka Januari. Ukipokea mshahara, weka sehemu yake katika sanduku la kikundi kabla hujapita dukani, na kadi yako ibaki mfukoni mwako. Mwaka wa kwanza utaona ni kidogo. Mwaka wa pili hutabisha hodi kwa mtu mwezi wa Februari. Mwaka wa tatu, malori yatakapopanda Ufipa na dalali akakutajia bei asiyoionea haya, utaweza kumpa mkono kwa adabu, ukamwambia aende salama, arudi akiwa na bei nyingine.